Baba Hataki Tena Mtori

Msomaji wetu wa Kimara ameandika hivi:

"Shikamoo mama. Nakaa na baba yangu, ana miaka 71. Aling'olewa meno yaliyokuwa yamebaki, sasa ana meno ya bandia juu na chini. Nafanya kazi Posta, nafika nyumbani saa moja na nusu usiku. Nina mtungi wa gesi wa kilo 6 wenye plate moja, kikaango kimoja kipana chenye mfuniko na friji ndogo. Nimempikia mtori wiki tatu mfululizo. Juzi alisukuma bakuli akasema, 'Mimi siumwi.' Nikamsagia wali na nyama kwenye brenda, hakugusa. Nikipika chakula cha kawaida, nyama anaiacha pembeni ya sahani. Nipike nini cha jioni tutakachokula sote wawili, kwa chombo kimoja, bila kukesha jikoni?"

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na neno lililonikaa ni hilo la "Mimi siumwi". Baba amekwambia kila kitu hapo. Mtori ni chakula kizuri, Wachaga wanamlea nao mzazi na anapata nguvu, lakini mtu mzima akiletewa bakuli na kijiko kila jioni huku mwanawe anakula kingine, anajiona amelazwa. Tutakachopika lazima kiwe kimoja kwenu wote wawili, kipakuliwe kwenye sahani, na macho yake yaone kwamba hii ni ndizi, huyu ni samaki, hii ni mboga.

Na usimlaumu kwa ile nyama anayoiacha. Mama mkwe wangu, tulipokuwa tunakaa naye Magomeni, alikuwa anatafuna pande la nyama upande huu, analihamishia upande wa pili, halafu anatulia. Siku moja nikiwa naondoa vyombo, pindo la kanga yake likafunguka. Ndani mlikuwa na vipande vitatu vya nyama, vyeupe, vimefyonzwa mchuzi wote, na umbo lake halijabadilika hata kidogo. Alikuwa anavitoa mdomoni kwa ncha ya kanga tusione, ili nisijisikie vibaya kwamba chakula changu kimemshinda. Tangu siku ile, kila chakula ninachompikia mzee nakibonyeza kwa uma kabla hakijatoka jikoni.

Kuiva ni jambo moja, kulainika ni la pili, kurojeka ni la tatu. Nyama ya kukaanga inaweza kuwa imeiva kabisa na isitafunike. Mtori umerojeka: ukiuweka mdomoni hakuna cha kutafuna tena. Sisi tunautaka ule ulaini wa katikati, kitu kinashika umbo lake sahanini lakini kikiguswa kinakubali. Wanaotibu watu wenye shida ya kutafuna na kumeza wana kipimo chao ambacho hata wewe unaweza kukitumia hapo kwako. Chukua kipande, kiweke uma juu yake, bonyeza kwa kidole gumba mpaka ukucha uwe mweupe. Kipande kikipondeka na kisirudi katika umbo lake, kinafaa. Kikiruka au kikitanuka tena kama sponji, kirudishe jikoni. Na ukubwa wake kwa mtu mzima usizidi sentimita 1.5, takriban upana wa ukucha wa kidole gumba. Hicho kipimo cha ukubwa mimi nakifuata sana kwenye nyama na kuku. Ndizi na samaki vilivyolainika barabara naviacha viwe vipande vikubwa kidogo, kwa sababu baba atavivunja mwenyewe kwa uma. Mwache avivunje. Kukatiwa kila kitu nako kunachosha roho.

Chakula ninachokupendekezea ni ndizi kwa samaki wa nazi. Kinapikika chote kwenye hicho kikaango chako, na ukizoea hakizidi saa moja.

Lakini kwanza nikuonyeshe mahali ambapo wengi wanaharibu. Mazoea yetu ni kuunga kitunguu na nyanya, kisha tunatia ndizi au viazi humo humo, tunakamulia na ndimu, tunafunika. Halafu nusu saa inapita ndizi bado ina kiini kigumu, unaongeza maji, unaongeza gesi, mwisho nje imerojeka na ndani bado. Sababu ni uchachu. Seli za mmea zimeshikana kwa gundi inayoitwa pektini. Moto na maji vinailegeza, ila kwenye uchachu wa nyanya, ndimu, ukwaju au maembe mabichi haitaki kulegea haraka. Kwa hiyo fuata mpangilio huu: ndizi ilainike kwanza ndani ya tui jepesi lenye chumvi, vichachu viingie baadaye. Ukishika hilo moja, hata viazi, karoti na maharage vitakutii.

Kuna watakaokwambia utie magadi kidogo. Ni kweli magadi yanalainisha, yanafanya kinyume cha ndimu, lakini yanaua vitamini B1 na mboga inakuwa na utelezi wenye ladha ya sabuni. Kwa mzee anayekula kidogo kila siku, sikushauri kumwaga vitamini kwa ajili ya dakika kumi za gesi.

Sasa sokoni. Ndizi chukua za Bukoba, sita za wastani, mbichi kabisa na zenye ganda linalong'aa. Zilizoanza njano zinalainika upesi zaidi lakini zinaleta utamu ambao kwenye samaki siupendi. Mzuzu waachie wa kukaanga. Nazi nunua moja kubwa iliyokomaa, wakukunie hapo hapo gengeni kwa mashine.

Samaki ndiye wa kufikiria. Unafanya kazi Posta, kwa hiyo Feri ni pua na mdomo na wewe, na ukienda Jumamosi asubuhi utakuta chaguo zuri. Kwa baba usinunue tasi wala changu wadogo, na dagaa waache kabisa kwa sasa: mwiba mwembamba ukiingia chini ya bandia unachoma fizi kama sindano, naye hatauhisi ulimini mpaka umeshafika pabaya. Nguru anafaa kwa kuwa mifupa yake ni mikubwa na inaonekana, ukimkata vipande vya duara unautoa ule wa katikati na kupapasa pembeni kwa kidole, ila mnofu wake ni mkavu na ukimpitiliza motoni anakaza. Ninayempenda kwa kazi hii ni sangara wa Ziwa Victoria, ule mnofu usio na mifupa unaouzwa umegandishwa. Ana mafuta kidogo, anameguka kwa tabaka, na anasamehe ukichelewa dakika mbili. Chukua gramu 350 za watu wawili. Ukinunua wa siku kadhaa, gawanya mafungu ya siku moja moja kabla hujaweka kwenye barafu, na asubuhi ukitoka kwenda kazini hamisha fungu moja kutoka sehemu ya barafu kwenda chini kwenye friji. Ukirudi limeyeyuka salama.

Vingine ni kitunguu maji kimoja kikubwa, nyanya mbili, punje mbili za kitunguu swaumu, kipande cha tangawizi, binzari manjano nusu kijiko cha chai, mafuta vijiko viwili vya chakula, chumvi, nusu ndimu na nusu fungu la mchicha.

Anza na nazi. Chuja tui la kwanza kwa maji ya uvuguvugu kikombe kimoja, liweke pembeni. Chuja la pili kwa vikombe viwili. Usichanganye. Ukikosa nguvu siku hiyo, la pakiti linafaa: nusu lizimue kwa maji liwe jepesi, nusu libaki zito.

Nyanya usizikate vipande. Zikate katikati, uzikwangue upande wa nyama kwenye kikwangulio mpaka ngozi ibaki kiganjani, uitupe. Ngozi ya nyanya hailainiki hata uichemshe saa mbili, na hunata kwenye kaakaa la bandia kama karatasi. Tangawizi na swaumu twanga au kwangua pia. Kitunguu kata kidogo sana.

Bandika kikaango, tia mafuta, kaanga kitunguu kwa moto mdogo na chumvi kidogo. Hapa usiwe na haraka. Nipe dakika nane nzima. Kitunguu kilichoungua pembeni kinakuwa na kingo kavu, lakini kilichopikwa polepole huyeyuka, na utamu wake ndio unaobeba mchuzi wote. Kikishakuwa kama kinang'aa na hakina tena sauti ya kukwaruza chini ya mwiko, tia swaumu, tangawizi na binzari, geuza mara tatu nne, mimina nyanya. Acha zikauke mpaka mafuta yaonekane yamejitenga kando. Sasa komba rosti yote uiweke kwenye sahani. Usioshe kikaango. Ule wekundu uliobaki chini ni mali yako, na uchachu wake ni mdogo mno kuzuia ndizi.

Wakati rosti inakauka, menya ndizi. Paka mikono mafuta utomvu usikugandie, na uzitumbukize kwenye maji ya chumvi zisiwe nyeusi. Watu wengi hutia ndimu kwenye maji hayo. Wewe leo usitie, umeshajua kwa nini. Pasua kila ndizi kwa urefu mara mbili, kata vipande vya urefu wa vidole viwili.

Panga ndizi kwenye kikaango, ziwe tabaka moja au moja na nusu, mimina tui la pili mpaka lizifikie mabegani bila kuzizamisha, tia chumvi, funika. Moto wa wastani mpaka lichemke, kisha punguza. Dakika 15 hadi 20. Usikoroge kwa mwiko, zitavunjika; shika mkono wa kikaango utikise. Kwenye dakika ya 15 fanya kile kipimo cha uma. Ndizi iliyo tayari hukatika kwa uzito wa uma wenyewe, na ndani rangi yake ni moja, hakuna mstari mweupe katikati. Ukiuona huo mstari, funika tena. Usisonge mbele kwa sababu njaa inauma, maana kuanzia hapa unaleta nyanya na ndizi haitalainika tena kama unavyotaka.

Samaki wakati huo umemkata vipande vikubwa vya nusu kiganja, umempaka chumvi na matone ya ndimu, dakika tano tu. Akikaa nusu saa kwenye ndimu nyama yake inakaza kabla hata ya kuona moto. Rudisha rosti, itandaze juu ya ndizi, laza samaki juu ya rosti, mimina tui la kwanza, tupia pilipili mbuzi moja nzima yenye kikonyo kwa ajili ya harufu. Iangalie isipasuke, na kama baba ana kidonda kwenye fizi iache kabisa. Kuanzia hapa moto uwe mdogo, mchuzi utoe mapovu ya uvivu pembeni. Tui zito likichemka kwa fujo hukatika, mafuta juu, chengachenga chini, na chengachenga hizo nazo hujificha chini ya bandia. Chota mchuzi kwa upawa, umwagie samaki juu, chota tena. Dakika sita hadi nane samaki anameguka. Zidisha mpaka kumi na tano, anakuwa nyuzi.

Mchicha chambua majani matupu, mashina yaache kwa ajili ya chakula chako cha mchana. Kata membamba kabisa, nyunyiza juu dakika tatu za mwisho, funika, zima. Acha kikaango kitulie dakika tano kabla ya kupakua. Hapo mchuzi unakuwa mzito wa kushika ndizi, na joto linashuka, jambo ambalo kwa mwenye bandia ya juu lina maana kubwa. Bandia imefunika kaakaa lote, kwa hiyo mzee hausikii moto wa chakula mpaka kimeshamfika kooni. Onja wewe kwanza.

Umeona hatujasaga kitu. Na baba amepata karibu gramu 170 za samaki, ambazo zina protini zaidi ya gramu 30. Hilo nalikazia kwa sababu mtori wa kila siku, nyama ikiwa kidogo na maji mengi, hujaza tumbo na kuacha misuli na njaa. Wazee hushauriwa kupata protini gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito wao kwa siku. Mzee wa kilo 60 anahitaji basi gramu 60 hadi 72. Sahani hii peke yake imebeba karibu nusu. Mwenye ugonjwa wa figo ana hesabu yake tofauti, amuulize daktari wake.

Sasa, najua utaniuliza nyama. Baba wa Dar hakai wiki nzima bila kuiulizia. Nyama inayouzwa kwenye mabucha yetu mara nyingi ni ya ng'ombe aliyechinjwa alfajiri ile ile, haijapumzika, na imefungwa kwa utando mgumu ambao hauogopi moto mkali. Unaogopa muda na majimaji. Ukichemka polepole saa mbili au tatu unageuka jelatini, ile ile inayofanya supu ya makongoro igande ikipoa. Ndiyo maana shingo, mkia na muundi wa mguu, vile vipande ambavyo watu wanavikimbia, mwishowe vinakuwa laini kuliko steki. Lakini saa tatu za gesi si kazi ya Jumanne usiku. Iweke Jumapili, upike nyingi, uichambue nyuzi, uigandishe na supu yake, na siku ya kazi unaiweka mahali pa samaki kwenye mpangilio ule ule. Ukikata nyama yoyote, tazama nyuzi zinakoelekea na ukatishe kisu juu yake, usifuate urefu wake. Papai bichi la kupaka linasaidia nalo, ila nusu saa inatosha; likilala nalo usiku nje inakuwa uji na ndani bado ni ngumu.

Nyama ya kusaga wengi wanadhani ndiyo jibu, na ukiikaanga ikakauka inakuwa changarawe. Ukiitaka, loweka slesi moja ya mkate kwenye maziwa, iponde, changanya na robo kilo ya nyama, yai moja na kitunguu kilichokwanguliwa, viringa vidonge vidogo na uvitumbukize vibichi kwenye mchuzi unaochemka taratibu, kwa dakika 15. Ule mkate unashika maji na kuzuia nyama isikaze. Hata mjukuu mwenye meno mawili atakula.

Na siku ambayo foleni ya mwendokasi imekumaliza, tengeneza rosti ile ya nyanya, tia viazi mviringo ulivyovichemsha jana, fanya vishimo vinne, vunjia yai kila kimoja, funika kwa moto mdogo dakika tano. Rosti yenyewe unaweza kupika nyingi Jumapili na kuiweka friji siku tatu.

Kuna mambo mawili ambayo sufuria haiyatibu. Bandia ikiwa inamuuma mahali pamoja kila akila, au imeanza kucheza, mrudishe kliniki ya meno waichonge. Baada ya kung'oa, fizi na mfupa wake husinyaa kwa miezi mingi, kwa hiyo iliyomkaa vizuri mwanzoni inaweza kulegea bila yeye kufanya kosa lolote. Mwambie pia atafune pande zote mbili kwa pamoja, asing'ate kwa meno ya mbele, maana upande mmoja ukikandamizwa wa pili unainuka. La pili: akila anakohoa, sauti yake inakuwa kama ina maji baada ya kumeza, au chakula kinamkwama, hiyo ni shida ya kumeza na wala si ya meno. Usijaribu kuitatua kwa kulainisha zaidi. Mpeleke hospitali wamwangalie.

Mwisho, kuhusu kupasha. Umeniandikia unafika saa moja na nusu, na wazee hupenda kula mapema, kwa hiyo huenda ukataka kumpikia kesho yake usiku huu. Ndizi, viazi na wali vikipoa wanga wake hukaza tena, na ukipasha vikavu vinakuwa kama mpira hata kama jana vilikuwa siagi. Weka fungu lake na mchuzi mwingi, na wakati wa kupasha ongeza robo kikombe cha maji ya moto au tui, funika, moto mdogo, dakika kumi, hadi mchuzi ufuke moshi katikati na si kandoni tu. Samaki mtoe kwanza, umrudishe ndizi zikishalegea. Halafu bonyeza tena kwa uma, kama ulivyofanya jana.